Tarehe niliyokuwa natembea nayo mfukoni

Nianze na kosa lenyewe maana ndilo limenikalisha chini kuandika. Grini kadi yangu, ile kadi ya ukaaji wa kudumu wa Marekani, ililetwa na posta Novemba 2019, hapa Portland jimbo la Maine, nikaipiga picha nikamtumia mama kule Buyenzi, Burundi, nikaitia kwenye pochi nikaanza kuhesabu. Kila niliyemuuliza alisema hesabu miaka mitano toka siku uliyoipata ndo uombe uraia, basi kichwani nikaweka Novemba 2024 na nikatulia, hata sikuuliza tena. Kumbe kwenye kadi yenyewe, upande wa mbele, kuna mstari mdogo unaosema wewe ni mkaaji tangu lini, na kwangu pale pameandikwa Novemba 2018, sio 2019. Miaka minne na zaidi natembea nayo mfukoni, naitoa benki, naitoa kazini, naitoa uwanja wa ndege, na ule mstari sijawahi kuusoma.

Sababu yake ni hii. Mtu aliyepewa asailamu, yani hifadhi ya aliyekimbia hatari kwao, akija kupata grini kadi, sheria inamhesabia mwaka mmoja nyuma ya siku kadi ilipokubaliwa. Wale waliokuja kama wakimbizi moja kwa moja kutoka kambini, tuseme Nyarugusu au Kakuma, wao wanarudishiwa mpaka siku waliyotua Marekani. Halafu juu ya hapo fomu ya uraia, ile N-400, unaruhusiwa kuituma siku 90 kabla miaka mitano haijatimia. Sasa ukipiga hesabu yangu mlango ulikuwa wazi toka Agosti 2023, na mimi nimetuma Aprili 2024. Miezi minane nimekaa naamini bado sijafika, na hiyo miezi minane aliyeilipia sio mimi, ni mwanangu. Ntafika huko.

Mimi ni mtu wa Bujumbura, nimezaliwa Buyenzi, nilikuwa nauza vitambaa soko kuu mpaka lilipoungua Januari 2013, nikahamia Ruvumera na mtaji mdogo. Mwaka 2015 maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalianza mwishoni mwa Aprili, tarehe 13 Mei yakatokea mapinduzi yakashindwa, na baada ya pale mtu yeyote aliyeonekana barabarani na waandamanaji alianza kutafutwa. Mimi nilikamatwa, nikalala ndani siku tatu, siku ya nne usiku nikatolewa kwa pesa za shemeji yangu. Nilikuwa na viza ya matembezi ya Marekani kwenye pasi, Julai nikapanda ndege mpaka Addis, kutoka Addis mpaka Washington, kutoka Washington basi mpaka Portland kwa sababu kulikuwa na Warundi na Wakongo niliosikia wanapokelewa. Mke na watoto nikawaacha.

Fomu ya asailamu nikaituma Desemba 2015, maana lazima iingie ndani ya mwaka mmoja toka ulipofika, wapo niliowaona wamepitwa na huo mwaka wakaishia kwenye matatizo makubwa. Nikaitwa kuhojiwa 2017, Septemba nikapewa. Hiyo miaka miwili ya kusubiri sitaisimulia hapa, kila aliyepita njia hii anaijua, kukaa chumba kimoja na wanaume watano na simu ya mke inayolia saa tisa usiku na huna la kumwambia. Nilipopewa tu nikawaombea familia kwa ile I-730, fomu ya kumleta mke na watoto, ambayo nayo lazima uitume ndani ya miaka miwili toka ulipopewa, na Februari 2019 mke, mwanangu wa kiume na binti yangu wakatua.

Sasa Machi 2024. Nilikuwa naenda darasa la jioni la Kiingereza, lile la watu wazima la hapa jijini, natoka kazini saa kumi naingia darasani saa kumi na mbili. Siku hiyo tulikuwa tunajisomea maswali ya uraia, dada mmoja wa Bukavu amekaa karibu yangu akaniuliza, kaka wewe unaapa uraia lini? Nikamwambia mimi bado, mpaka Novemba ndo natuma. Akasema lete kadi yako nione. Nikaitoa. Akaiangalia, akaniangalia, akasema kaka mbona wewe ulishafika zamani. Akaniwekea kidole pale kwenye mstari.

Niliona aibu lakini nilifurahi pia, nikawa naona nimepewa zawadi ya miezi minane. Nikampigia mke kwenye gari kabla hata sijawasha. Yeye ndo aliyeuliza, na mtoto je? Kwa sababu alishasikia msikitini kwamba mzazi akiapa, mtoto mwenye grini kadi anayeishi naye anakuwa raia hapo hapo bila kuomba chochote, ilimradi hajatimiza miaka 18. Binti yetu alikuwa na 13. Mwanangu wa kiume alikuwa anatimiza 18 mwezi wa Julai.

Kesho yake nikaenda kwa wakili wa kujitolea. Akanithibitishia neno moja ambalo naomba kila mzazi alishike vizuri, inayohesabiwa ni siku ya KIAPO, sio siku ya kutuma fomu. Kama ukituma mtoto ana 17 na ukaapa ana 18 na siku moja, basi yeye hamo. Akaniambia tukimbize tuone.

Tukakimbiza. Fomu ni kurasa nyingi lakini yenyewe sio ngumu kama watu wanavyotishana, ugumu wake ni kwamba inakuuliza maisha yako na wewe maisha yako hukuyaandika popote. Nyumba zote nilizolala miaka mitano na tarehe za kuingia na kutoka. Kazi zote. Safari zote za nje ya nchi zilizozidi saa 24. Nyumba ya Grant Street nilihama lini? Kiwanda cha samaki niliacha mwezi gani? Nikawa natafuta kwenye meseji za zamani za simu, kwenye vipande vya mishahara, kwenye picha za watoto ili nione nyuma yao kuna ukuta wa nyumba gani. Nilipoteza karibu wiki mbili hapo, na wiki mbili wakati ule zilikuwa kama damu inanitoka. Toka siku hiyo nina daftari la shule jekundu, kila nikihama, kila nikibadili kazi, kila nikivuka mpaka, naandika siku hiyo hiyo.

Ada nayo ilikuwa imebadilika tarehe 1 Aprili mwaka huo huo, kutoka dola 725 kwenda 760 kwa karatasi au 710 ukituma kwa mtandao, ila waliweka ada iliyopunguzwa ya 380 kwa familia zenye mapato ya chini ya kiwango fulani na sisi tuliingia humo. Ulizeni hilo punguzo, watu wengi wanaofanya kazi za viwandani na usafi wanastahili na hawajui, wanaendelea kuchanga 760.

Lakini kitu nilichotaka kusema zaidi kwa wenzangu waliopita asailamu ni hili. Kwenye N-400 kuna maswali mengi ya kujibu ndio au hapana, na karibu yote yanaanza na lile neno lao lenye maana ya "umewahi hata mara moja". Umewahi kuwa mwanachama wa chama chochote, umewahi kubeba silaha kwenye kikundi, umewahi kukamatwa au kuwekwa kizuizini. Mimi nilifika kwenye hilo la kukamatwa nikaweka HAPANA, mkono haukutetemeka hata kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa najibu habari za Marekani, hapa sijawahi hata kupigwa faini ya gari. Na nyuma ya hapo kulikuwa na hofu nyingine, kwamba mtu aliyewahi kulala mahabusu hawampi uraia.

Wakili akasoma, akanyamaza, akafungua kabati akatoa nakala ya fomu yangu ya asailamu ya 2015. Akasema, soma mwenyewe. Kurasa tatu za maelezo yangu, na karibu yote yanahusu siku zile tatu nilizokamatwa! Yani hiyo asailamu nilipewa kwa sababu nilikamatwa, halafu leo nasema sijawahi kukamatwa. Akaniambia afisa atakayekuhoji atakuwa na faili lote mbele yake toka siku ya kwanza, akiona hapana pale anabaki na mawazo mawili, ama ulidanganya wakati ule ama unadanganya sasa, na yote mawili ni mabaya. Kukamatwa na serikali iliyokutesa hakukuharibii uraia. Kinachokuharibia ni kukana.

Nimekaa nikifikiri ni wangapi wameweka hapana pale kwa nia safi kabisa. Aliyelazwa kituoni Lubumbashi, aliyezuiliwa Kampala, aliyefungiwa kwenye nyumba kule Bujumbura usiku mmoja akaachiwa asubuhi. Swali halisemi hapa Marekani, linasema popote. Vilevile chama. Kama kwenye asailamu ulisema ulikuwa mwanachama wa upinzani, basi kwenye uraia chama hicho hicho kiandikwe. Ndio maana nasema fomu ya uraia hukuanza kuijaza leo, uliianza siku ile ulipojaza ya asailamu ukiwa na njaa na usingizi na mtafsiri anaenda mbio. Kama huna nakala ya faili lako iombe Uhamiaji, kuna utaratibu wa kuomba, mimi baadaye niliomba lote na sikulipa kitu, ila linachukua muda kwa hiyo liombe mapema kabla hujawa na haraka kama niliyokuwa nayo.

Kwenye kusoma ile nakala tukakuta na jambo la pili. 2015 niliulizwa una watoto wangapi nikasema watatu, na watatu wakaandikwa. Wa tatu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa na miaka miwili baba yake alipofariki, amelelewa na mke wangu, ananiita baba, ningesemaje wawili? Kwetu hilo halina hata mjadala. Lakini kwa sheria za hapa, bila karatasi za mahakama za kuasili, yule sio mwanangu, na ndio maana 2019 wakaja wawili na yeye akabaki kwa shangazi yake. Sasa N-400 inasema wawili na asailamu inasema watatu. Wakili akaniandikia ukurasa mmoja wa maelezo, nikasaini, ukaambatanishwa. Ule ukurasa ulikuwa mgumu kwangu kuliko maswali yote ya mahabusu, kuweka saini kwamba huyu sio mtoto wangu. Nilimpigia simu usiku ule nikamweleza kabla sijautuma, sikutaka aje kusikia kwa mtu. Akasema baba saini tu, mimi najua.

Safari nilikuwa nayo moja. Mama alifariki 2022 na sikwenda kuzika. Nilikuwa na hati ya kusafiria ya mkimbizi, watu wakaniambia pitia Kigali ingia kimyakimya hakuna atakayejua, lakini mtu uliyesema nikirudi nitauawa halafu ukarudi, hata kama ni kwa mazishi, unajiwekea swali ambalo utalijibu maisha yako yote. Nilimzika mama kwa WhatsApp nikiwa nimekaa kwenye gari pakingi ya kazini, mpwa wangu ameshika simu, mtandao unakatika katika. Mwaka uliofuata dada zangu wakavuka wakaja Kigoma, mimi nikaomba viza ya Tanzania, tukakutana pale tukakaa wiki tatu, tukasoma khitma. Milima ya kwetu unaiona kutoka barabara ya Manyovu. Kwenye fomu nikaandika Tanzania, siku 22, na mihuri ipo.

Tukatuma tarehe 10 Aprili. Nikawa naangalia simu kila asubuhi kabla ya swala. Mei ikapita, Juni ikapita. Wakili akaandika barua kueleza habari ya mtoto anayetimiza 18, hatukupata jibu la kutusaidia. Julai ikaingia na siku yake ikafika. Mama yake alimpikia pilau, tukampigia makofi, na mimi nilikuwa nashindwa kumtazama usoni. Wito wa intavyuu ukaja siku chache baadaye, niende Septemba.

Intavyuu ilikuwa South Portland, asubuhi. Nilimaliza kwa muda usiofika saa moja. Afisa alikuwa mama mtu mzima, mpole, akaniambia simama inua mkono wa kulia uape kusema kweli. Watu wanajiandaa kwa yale maswali 100 tu (wakati wangu yalikuwa 100, unaulizwa mpaka 10 ukipata sita umepita, walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya wa maswali 128, wanaulizwa mpaka 20 na lazima upate 12). Ila kwangu hayo yalikwisha kwa dakika tano. Aliniuliza jimbo moja linalopakana na Canada, nikamwambia hili tulilomo, akatabasamu. Nikasoma sentensi moja, nikaandika sentensi moja, basi. Kiingereza chenyewe wanakipimia kwenye fomu, anakuuliza yale yale uliyojaza na anataka kuona unaelewa unachokana. Alikuwa ananiuliza neno hili maana yake nini, mateso ni nini, kiapo ni nini. Kwa hiyo ukijisomea jisomee maneno ya fomu, uyaeleze kwa maneno yako mepesi mdomoni, sio kwa kukariri.

Akafika pale. Umewahi kukamatwa? Nikasema ndio. Akaacha kuandika akafungua faili, nene, nikaona kwa mbali picha yangu ya 2015 nimekonda. Akasema nieleze. Nikamweleza, siku tatu, Mei, kituo gani, nani alinitoa. Kiingereza changu kilikuwa kinavunjika lakini sikuongeza kitu wala sikupunguza. Alikuwa anafuata kwa kidole kwenye karatasi zake. Kisha akauliza, ulipokwenda Tanzania uliingia Burundi? Nikasema hapana. Hata siku moja? Hata siku moja. Akauliza ya watoto, nikamwonyesha ule ukurasa, akausoma kimya, akasema pole kwa kaka yako. Akanipa karatasi kwamba nimepita.

Nikaapa Oktoba. Tulikuwa watu kama 40 ukumbini, mlangoni unakabidhi grini kadi yako na hairudi. Nilipoitoa niliisoma ule mstari mara ya mwisho. Binti yangu alikuja na sare yake ya shule, na sekunde ile niliposema kiapo na yeye akawa raia pale alipokaa, hakuinua hata mkono. Wiki mbili baadaye tukamwombea pasi, cheti changu, grini kadi yake, cheti chake cha kuzaliwa, mimi na mama yake tukasaini wote wawili kwa sababu alikuwa chini ya miaka 16. Kaka yake alikuwa amekaa kiti cha pembeni yake siku ile ya kiapo. Ni yeye aliyetupiga picha.

Mke aliomba mwenyewe Machi 2025 tarehe zake zilipofika, hatukungoja hata siku, akaapa Septemba. Kwa mwanangu kadi yake ilichelewa kukubaliwa kuliko ya mama yake na dada yake, kwa hiyo mstari wake unasema Juni 2021 na siku zake 90 zinafunguka Machi 2026. Katikati hapo mambo yakabadilika. Juni 2025 likatoka tangazo la kuzuia au kubana watu wa nchi 19 kuingia Marekani, Burundi ikiwemo, na Desemba maombi ya watu wa nchi hizo hizo, hata walioko ndani tayari na grini kadi zao, hata waliokuwa wanasubiri kuapa, yakasimamishwa. Nyumba yetu ina watu wanne, watatu wana pasi za Marekani na mmoja ana kadi, na huyo mmoja ndiye aliyeingia hapa na miaka 12, anayeota kwa Kiingereza, aliyejiandikisha kwenye daftari la jeshi alipotimiza 18 kama sheria inavyomtaka kila kijana wa kiume hapa, raia na asiye raia.

Nilimwomba msamaha, sio kwa maneno ya kuzunguka, nilimkalisha nikamwambia ningesoma kadi yangu 2023 wewe leo ungekuwa raia. Akaniambia baba hukujua. Ni kweli sikujua, lakini ilikuwa imeandikwa.

Tumeshamjazia fomu. Nyumba zote, kazi zote, ile safari ya darasa kwenda Quebec ya siku tatu. Kwenye swali la kukamatwa kwake ni hapana, na ni hapana ya kweli. Wakili anasema siku ikifunguka tutume hata kama imesimamishwa, akae kwenye foleni. Bahasha iko juu ya friji.